Barua kwa Mama kutoka Bahrain

Mamangu mpenzi,

Assalamu alaykum, na shikamoo. Ujumbe wa Swaleh kuhusu mashine ya boti nimeupata, na pamoja nao maneno aliyoyasema Mjomba barazani mbele ya wageni wa harusi ya Mwanaisha, ya kwamba shamba la Kipungani liliuzwa nisomeshwe kemia ili nije Uarabuni kupika masufuria.

Linaloniudhi zaidi, Mama, ni kwamba hakukosea sana. Matanuri ya alumini hapa tunayaita vyungu, na metali ninayoipima hutekwa kwa upawa wa mpini mrefu, ikagandishwa ikawa kama kisahani cha fedha. Ila chungu hicho kina moto wa nyuzi 960, na umeme wake ni wa nguvu hata kadi ya benki huachwa mlangoni isiharibike. Unga wa alumina ukiwa peke yake hauyeyuki mpaka upite nyuzi 2,000. Sisi huuyeyusha ndani ya kriolaiti ya moto, chumvi ya madini iliyoyeyuka, kama sukari ndani ya chai, kwa njia waliyoigundua Hall na Héroult mwaka 1886, na tani mbili za unga hutoa tani moja tu ya alumini.

Wiki mbili kabla ya Ramadhani niliona chuma kikizidi katika visahani vya chungu kimoja, siku tatu mfululizo. Msimamizi akasema upawa una kutu. Nikataka upawa mpya, nikapima tena, chuma kikawa kimezidi vilevile, maana yake alumini ilikwisha kupenya sakafu ya kaboni na kuanza kuzila nondo za umeme zilizo chini. Chungu kilizimwa asubuhi ile, kabla hakijatoboka na kumwaga moto. Mjomba aelezwe hayo, tena barazani, mbele ya watu wale wale.

Joto la huku silielezi. Usiku wa Maulidi nilisikiliza matari ya Msikiti wa Riyadha wa Lamu kwa simu ndani ya maabara, mpaka mwenzangu akaniuliza mbona nimeandika nambari ya chungu kimoja mara mbili.

Pesa za paa nimezituma kwa jina lako. Za mashine ya boti zipo pia, ila Mjomba ataniandikia mwenyewe kuziomba. Na ile sufuria ya pilau ya Bibi iliyotoboka, asiuziwe mnunuzi wa vyuma chakavu. Nikija nitaikata kipande niipime.

Bintiyo,
Rukia