Kwa wanangu mnaotunga kwa msaada wa akili mnemba

Wanangu,

Nawaandikia nyinyi mnaoanza kutunga hadithi na mashairi, na wenzenu wachoraji na watunga nyimbo, kwa sababu ya swali nililouliza wiki chache zilizopita likakosa jibu. Mmoja wenu aliniletea mswada niupitie. Ulikuwa safi, sentensi zimenyooka, aya zimepangika. Katika ukurasa wa tatu kuna bibi anayelala usiku mlango ukiwa wazi. Nikamwuliza mwandishi: kwa nini hakuufunga? Akanyamaza, kisha akasema, "Sijui, mzee. Ilikuja hivyo."

Sikumkaripia. Kilichonihuzunisha ni kwamba mlango ule ndio uliokuwa kitu kizuri kuliko vyote katika hadithi ile. Bibi anayelala mlango wazi ama anamngoja mtu, ama hana tena cha kuogopa. Hadithi nzima ingeweza kuchipuka pale. Lakini programu ya akili mnemba ndiyo iliyouandika mlango, na mwenye hadithi akapita bila kuuona.

Siwakatazi akili mnemba. Nimeona watu wakiitumia kusahihisha tahajia, kutafuta neno la kukamilisha kina, kupanga mfuatano wa matukio ya riwaya. Katika hayo sioni kosa, kama nisivyoliona kwa rafiki anayesoma mswada wako akakuambia hapa umejikwaa. Ninachowaomba ni kimoja: msiweke jina lenu juu ya kitu msichoweza kukijibia. Jina lile ni dhamana. Msomaji anakupa muda wake akiamini kuna mtu aliyehangaika na maneno yale kabla hayajamfikia. Ukimpa kilichotolewa na mashine, kisha ukanyamaza, umemdanganya, hata kama kila sentensi inapendeza.

Na kusema ukweli hakumwangushi mtu. Mwandishi wa Japani, Rie Kudan, alishinda Tuzo ya Akutagawa, tuzo kubwa ya fasihi ya nchi yake, Januari 2024, kisha akaeleza mwenyewe kwamba takriban asilimia 5 ya riwaya yake ni maneno ya programu ya ChatGPT kama yalivyo. Watu walibishana, na ilikuwa haki yao, ila walibishana juu ya jambo waliloambiwa wazi. Mwaka mmoja kabla yake, mpigapicha Mjerumani Boris Eldagsen alipeleka picha iliyotengenezwa na akili mnemba kwenye mashindano ya Sony World Photography Awards. Ikashinda katika kundi lake, naye akaikataa tuzo, akasema picha za namna hiyo na upigaji picha ni vitu viwili visivyofaa kushindanishwa.

Ukimya nao una watu unaowaumiza. Februari 2023 jarida la Marekani la hadithi za kubuni za kisayansi, Clarkesworld, lilisimamisha kwa muda kupokea kazi mpya kwa sababu lilifurikiwa na hadithi zilizoandikwa na mashine. Mfikirieni mtunzi aliyekesha miezi juu ya hadithi yake ya kwanza, siku ya kuituma akakuta hazipokelewi tena. Ni mwenzenu huyo.

Nami nina la kuungama. Nilipokuwa na umri wenu nilichukua beti mbili za mshairi asiyejulikana sana, nikabadilisha vina, nikazitia katika shairi langu. Nilisifiwa kwa beti zile zile. Miaka mingi baadaye tulikutana. Hakunilaumu. Alizighani tu mbele yangu, kwa vina vyake vya kwanza, akaaga. Mpaka leo shairi lile siwezi kulisoma mbele za watu.

Ndiyo maana nauliza chakula cha mashine hizi kilitoka wapi. Zimefunzwa kwa kazi za watu, na wengi wao hawakuombwa ruhusa. Mwaka 2025 Anthropic, kampuni inayotengeneza programu za akili mnemba, ilikubali kulipa dola bilioni 1.5 kumaliza kesi ya waandishi ambao vitabu vyao ilivipakua kutoka maktaba za wizi za mtandaoni. Katika kesi hiyo hiyo jaji alikuwa ameamua kwamba kufunza programu kwa vitabu vilivyonunuliwa hakuvunji sheria ya Marekani. Sawa, hiyo ni sheria. Lakini mtu anapoiamuru mashine imwandikie kwa mtindo wa mtunzi fulani aliye hai, akimtaja kwa jina, anajua vizuri anamchukulia nani riziki. Jambo hilo msilifanye, hata mahali ambapo hakuna wa kuwashtaki.

Na hifadhini rasimu zenu, zile chafu zenye mistari iliyokatwa. Machi 2025 mahakama ya rufaa mjini Washington ilisisitiza kwamba kazi iliyotungwa na mashine peke yake haipati hakimiliki. Lazima mtunzi awe binadamu. Siku mtu akikuuliza kazi hii ni ya nani, rasimu zitakusemea. Zaidi ya hapo, ukizirudia utaona ulikosea wapi na ulijinasua vipi, na sijui njia nyingine ya kujifunza kazi hii.

Wewe uliyeniletea mswada, ukiisoma barua hii, usiuandike upya wote. Niletee ukurasa wa tatu peke yake. Nataka kujua bibi anamngoja nani.

Ni mimi, mzee wenu.