Muuzaji, mwambie mteja ukweli kuhusu huyu samaki dragoni

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye kurasa za wasomaji. Mimi nafuga samaki wa mapambo hapa Dodoma, na kuna jambo linaniumiza sana kuhusu yule samaki mrefu mwenye rangi ya zambarau ambaye wauzaji wanamwita dragoni. Anauzwa akiwa mdogo, mwembamba, watoto wakimwona tu wanamtaka, alafu mteja anaambiwa kwamba huyu ni samaki wa maji baridi (yaani yasiyo na chumvi) kama wengine, kwamba anakula samaki wenzake ndo maana ana meno, na kwamba hata kama anahitaji chumvi kidogo usijali maana maji ya Dodoma tayari yana chumvi. Hakuna hata moja hapo lililo kweli, na samaki ndo anayelipa.

Huyu ni gobi ya zambarau, kitaalamu Gobioides broussonnetii. Kwao ni pwani ya Atlantiki upande wa Amerika, kuanzia kusini mwa Marekani mpaka Brazili, pale mito inapoingia baharini, anachimba shimo kwenye tope na kukaa humo. Maji ya pale si ya bahari kamili wala si ya mto, yamechanganyika. Kwetu maji ya namna hiyo yako delta ya Rufiji kwenye mikoko, na huko wapo gobi wa aina nyingine, wale wadogo wanaorukaruka juu ya tope maji yakikupwa. Sasa huyu wa zambarau akikua anaweza kufika nusu mita, hata kuzidi kidogo, kwa hiyo kale katangi kadogo ka kuweka juu ya meza ya tv kasahau kabisa, anza na lita 200 kwenda juu, na tangi liwe refu chini kuliko kwenda juu, fundi aluminiamu yeyote anayejua kupaka silikoni vizuri atakutengenezea.

Kuhusu meno. Ni kweli mdomo wake unatisha, lakini ni samaki mpole na macho yake ni madogo sana, haoni vizuri. Zima taa usiku ukae pembeni umwangalie anavyokula: anakuja taratibu, anachota mchanga kwa mdomo, anautafunatafuna, mchanga unamwagika kupitia mashavuni na yeye anabaki na vile vijichembe vya chakula, na akifika kwenye kioo chenye ukijani anaukwangua. Ndo kazi ya yale meno. Ukimtupia vipande vya nyama au samaki wadogo akimbizane nao unamuua kwa njaa, na ukimweka na samaki wepesi wanaomaliza chakula kabla hakijafika chini ni hivyohivyo, anakonda pole pole mwenye nyumba anadhani ndo umbo lake. Mpe chakula kilichosagwa kinachozama, vidonge vya mwani, atemia (vile viduduwaduvi vidogo vya maji ya chumvi), umpe usiku. Chini weka mchanga laini uliochekechwa na kuoshwa mpaka maji yatoke meupe, siyo kokoto, na umlazie paipu ya plastiki apate pa kujificha.

Nije kwenye maji maana hapa ndo uongo mkubwa ulipo. Ni kweli maji ya visima vingi vya Dodoma yana ladha ya chumvi, birika linashika ukoko mweupe, sabuni haitoi povu, kila mtu wa hapa anajua. Lakini angalia hesabu. Maji yakifika gramu moja tu ya madini kwa lita mdomo unaanza kuyakataa. Maji ya bahari yana kama gramu 35 kwa lita. Huyu gobi anataka angalau gramu 7 mpaka 10, haidromita, kile kipimo cha chumvi kwenye maji, isome kama 1.005 au zaidi kidogo. Kwa hiyo maji yanayokushinda wewe kunywa bado kwake ni maji matupu! Akiwa mdogo anavumilia, anaweza kukaa hata miezi, ndo maana muuzaji anakuwa na ujasiri wa kusema mbona wangu wako hai, alafu baadaye anaanza kuota kuvu, anaacha kula, anakufa na mteja anaambiwa ulimlisha vibaya.

Na usikimbilie chumvi ya jikoni. Ile karibu yote ni kitu kimoja, sodiamu kloraidi, na hata ile ya mawe ya kutoka mashamba ya chumvi ya pwani, magnesi nyingi imebaki kwenye maji yanayomwagwa. Nunua chumvi maalumu ya akwariamu za bahari, uikoroge kwenye ndoo pembeni kabla, usimwagie samaki. Kitu kingine watu wa huku wanachosahau: kiangazi chetu ni kirefu na maji yanakauka haraka sana, lakini yanayokauka ni maji, chumvi inabaki, kwa hiyo ukijazia, jazia maji yasiyo na chumvi, la sivyo kila wiki unaongeza ukali bila kujua. Na maji unayotoa wakati wa kubadilisha usimwagie mchicha wala mizabibu, maana chumvi inaua udongo.

Juni na Julai usiku huku ni baridi, weka hita, nyuzi 24 mpaka 28 zinamtosha. Umeme ukikatika uwe na pampu ya hewa ya betri. Funika tangi vizuri.

Ombi langu kwa wauzaji ni dogo, bandikeni karatasi kwenye kioo: maji gani, anakula nini, atakua kiasi gani. Mteja akisoma akaona hawezi, auziwe samaki mwingine, biashara haiharibiki.

Na kwa ambao tayari mnaye na amewashinda, tafadhali msimpeleke bwawa la Hombolo. Nimesikia mtu akisema maji ya Hombolo yana chumvichumvi kwa hiyo atapapenda, na hilo ndo linanitisha, kwa sababu kama kweli atapapenda nani atamtoa? Sangara alipandikizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na aina nyingi za furu, samaki wadogo wa humo, zikapotea, na nyingine mpaka leo hazijarudi. Mtafutie mfugaji mwenzako mwenye tangi kubwa amchukue, au mrudishe dukani ulikomnunua hata bila kudai hela.

Mfugaji wa samaki,
Dodoma