Risala ya Wahitimu wa Mafunzo ya Upelelezi kwa Mgeni Rasmi, Moshi

Ndugu mgeni rasmi, mkuu wa chuo, wakufunzi, wazazi na wageni waalikwa,

Karibuni Moshi, na ahsante kwa kuitikia wito wetu.

Ndugu mgeni rasmi, ushahidi wa kisayansi mara nyingi hauharibikii maabara. Huharibikia eneo la tukio, saa za mwanzo, tena kwa jambo dogo kama mfuko. Kwa hiyo utuwie radhi, risala hii itazungumza sana habari za mifuko.

Shati lenye damu mbichi likitiwa kwenye nailoni, unyevu hukosa pa kutokea, bakteria na ukungu huzaliana, na vinasaba huharibika kabla kielelezo hakijafika kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Kutoka hapa hadi ofisi yake ya Kanda ya Kaskazini, Arusha, ni kilomita 80 hivi, lakini wakati wa masika hata usiku mmoja kituoni unatosha kuleta hasara. Shati litandazwe kivulini juu ya karatasi safi, likauke kwa hewa, si kwa jua wala pasi. Kisha likunjwe pamoja na karatasi hiyohiyo na kutiwa kwenye bahasha ya kaki. Kila nguo na bahasha yake, kila kielelezo na glavu mpya. Nguo ya mtuhumiwa na ya marehemu zikisafiri pamoja, wakili wa utetezi ameshapata hoja yake.

Mabaki ya moto unaodhaniwa kuwashwa kwa petroli yanataka kinyume. Karatasi hupitisha mvuke, na nailoni ya kawaida nayo huuvujisha polepole. Hapo tunatumia kopo jipya la bati lenye mfuniko wa kubana, lisijae zaidi ya theluthi mbili, maana maabara hupima ule mvuke unaokusanyika juu.

Alama ya kiatu kwenye udongo wa shambani hupigwa picha kwanza: kamera ielekee chini moja kwa moja, rula iwe pembeni, taa imulike kutoka ubavuni. Ndipo huchanganywa gramu 900 za plasta ya meno, ule unga wa kuganda wanaotumia madaktari wa meno, na mililita 300 hivi za maji, hadi uwe uji unaotiririka. Umiminwe kando ya alama, uingie wenyewe. Ukimwagwa katikati hufuta mistari ya soli. Hunyanyuliwa baada ya nusu saa au zaidi kukiwa na baridi, na udongo ulioganda usisuguliwe siku hiyo. Huo nao ni kielelezo.

Alama za vidole kwenye kioo huinuliwa kwa unga. Kwenye karatasi hutumika kemikali iitwayo ninihidrini, inayozitoa kwa rangi ya zambarau. Chupa iliyotoka kwenye friji isipakwe unga ikiwa bado na umande. Na kama vinasaba navyo vinatakiwa, hilo liamuliwe kabla brashi haijagusa kitu, kwa sababu brashi moja huweza kuhamisha chembe kutoka kielelezo hadi kielelezo.

Damu ya kupima kilevi huwekwa kwenye chupa yenye floridi ya sodiamu, isije ikachacha na kuzaa pombe yenyewe. Ngozi isisafishwe kwa spiriti kabla ya sindano. Hili husahauliwa mno.

Baada ya yote hayo, kila mkono uliopokea kielelezo usaini, uandike tarehe na saa, na lakiri ikaguliwe kabla ya kupokea. Pengo la siku moja lisilo na maelezo linaweza kukiangusha kielelezo mahakamani, hata majibu ya maabara yawe safi namna gani.

Ndugu mgeni rasmi, tunaomba vitu vitatu kwa vituo tunakokwenda: bahasha za kaki za kutosha, kabati la kukaushia nguo lenye kufuli, na friji ya vielelezo peke yake, isiyowekwa soda wala maziwa ya mtu.

Tunaomba kuwasilisha.