Maua ya Joy Adamson yasifunikwe na simba

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe rai kwa wanaosimamia sanaa na turathi hapa Nairobi: tuandaliwe maonyesho ya kazi za mchoraji Joy Adamson, za mwanzo hadi za mwisho, na safari hii maua ndiyo yapewe ukumbi wa mbele.

Mama huyu alizaliwa mwaka 1910 katika mji wa Troppau, ambao leo ni Opava katika Jamhuri ya Cheki, akafika Kenya mwaka 1937. Mume wake wa pili, Peter Bally, Mswisi mtaalamu wa mimea, ndiye aliyemhimiza kuchora mimea ya huku, na mwaka 1947 michoro hiyo ikampatia nishani ya dhahabu ya Grenfell kutoka Uingereza. Kisha akaja Elsa, simba jike aliyemlea na kumwandikia kitabu, akavuma duniani kote, na maua yakasahaulika. Juzi nilimfungulia mjukuu wangu kitabu cha zamani chenye michoro hiyo, naye akaniuliza, "Nyanya, kwani huyu si yule wa simba?"

Nilimwomba atazame jani moja lililogeuzwa kidogo ili mishipa ya upande wa chini ionekane. Mchoraji wa mimea hafanyi hivyo kwa urembo tu. Mmea ukibanwa katikati ya karatasi na kukaushwa, umbo lake hubaki lakini rangi hufifia, na mtaalamu atakayeufungua miaka hamsini baadaye hawezi kujua kama ua lilikuwa jekundu au la zambarau, isipokuwa kuna mtu aliyeliwahi kwa brashi kabla halijanyauka. Hifadhi ya mimea iliyokaushwa tunayo papa hapa Nairobi, nayo ilihamishwa kutoka Amani, Tanganyika, mwaka 1950. Kwa nini basi mchoro na mmea wake mkavu visiwekwe ubavu kwa ubavu, mtazamaji akajionea mwenyewe?

Picha zake za watu wa makabila yetu, alizoagizwa na serikali ya kikoloni kuanzia mwaka 1949, nazo zionyeshwe, ila zina mjadala wake, maana aliyechorwa alikuwa mtawaliwa na aliyelipia picha alikuwa mtawala. Huo tuufanye kwa uwazi, bila kuyabebesha maua mzigo usio wao.

Ombi langu jingine ni la vibandiko. Nimechoka kusimama mbele ya mmea niujuao tangu utotoni nikausoma kwa Kilatini na Kiingereza peke yake, ilhali shubiri ni shubiri na mkwaju ni mkwaju, na Wakikuyu, Wakamba na Wamaasai wana majina yao pia.

Najua rangi za maji huharibiwa na mwanga mkali, kwa hiyo sidai maonyesho ya kudumu. Miezi mitatu, taa zikiwa hafifu, inatosha, mradi iangukie muhula wa shule ili walimu wawalete wanafunzi.

Mwalimu mstaafu,
South B, Nairobi