Mjomba, Biasion hakubebwa

Shikamoo mjomba,

Nimeisikiliza mara mbili ile meseji ya sauti uliyotuma kwenye grupu la familia baada ya mbio za magari za Naivasha. Unasema Safari Rally ya siku hizi ni matembezi tu (hapo sikupingi sana), kisha unaongeza kwamba yule Mwitaliano, Miki Biasion, alishinda ile ya zamani kwa sababu ya helikopta iliyomwangalizia njia kutoka juu na pesa za Lancia, kampuni ya magari ya Italia. Nilitaka kukujibu pale pale, ila shangazi ameshapiga marufuku ugomvi kwenye grupu. Basi nakujibu hapa, mbele za watu.

Pesa, mjomba? Lancia walikuwa nazo tangu zamani na Safari ikawatoa kamasi. Sandro Munari, dereva wao aliyeshinda mbio za Monte Carlo mara nne, alileta gari lao la Stratos mwaka 1975 akamaliza wa pili nyuma ya Peugeot ya Ove Andersson. Mwaka 1977 akawa wa tatu. Mwaka 1986 Markku Alén, dereva wao mwingine, naye akawa wa tatu. Ingekuwa Safari inauzwa, wangeshainunua kabla mimi sijazaliwa.

Biasion mwenyewe alizaliwa mwaka 1958 huko Bassano del Grappa, chini ya milima ya Veneto. Alikuwa bingwa wa Ulaya mwaka 1983, na mwaka 1986 akashinda Argentina, ushindi wake wa kwanza katika mbio za dunia. Mwaka huohuo Henri Toivonen, dereva mwenzake wa Lancia, alikufa mbioni huko Corsica pamoja na mwelekezi wake (anayekaa pembeni akimsomea njia) Sergio Cresto, na yale magari ya kutisha, yenye nguvu kupita kiasi, yakapigwa marufuku. Mwaka 1987 Lancia wakaja na gari la Delta. Biasion akashinda mara tatu, lakini ubingwa ukaenda kwa Juha Kankkunen aliyekuwa timu moja naye.

Sasa tufike Pasaka ya 1988. Unakumbuka ulinipandisha juu ya kichuguu karibu na ule mtaro uliojaa maji? Nilikuwa na miaka tisa. Magari mengi yaliuingia mtaro kwa pupa, maji yakaruka hadi kwenye nguo zetu, na watu wakashangilia. Ikaja Delta, nyeupe na mistari ya wadhamini wao Martini, imejaa matope. Dereva akapunguza mwendo mapema, akavuka taratibu kama mtu aliyebeba trei ya mayai, na alipotoka upande wa pili ndipo akakanyaga mafuta. Wewe ukacheka: "Huyo anaogopa maji, Nairobi hafiki."

Alifika, tena wa kwanza. Hakuna Mwitaliano aliyewahi kushinda Safari kabla yake, wala Lancia hawakuwahi.

Na ule mtaro ndio hoja yangu nzima. Mbio za Ulaya zilikuwa vipande vifupi, barabara imefungwa, watu wanapigania sekunde. Huku kwetu barabara ilikuwa wazi: unakutana na matatu, unakutana na ng'ombe, unakutana na lori limelala katikati ya njia. Ni maelfu ya kilomita kwa siku kadhaa, na ukichelewa kituoni unahesabiwa dakika. Ekseli ikikatika, ile kasi yako ya jana haikusaidii kitu. Dereva aliyezoea kukimbia mpaka mwisho wa uwezo wa gari alilazimika kujifunza kubakiza. Biasion alijifunza, na pembeni yake alikuwapo Tiziano Siviero, mwelekezi aliyekaa naye miaka na miaka. Hebu niambie, helikopta inamshikia mtu usukani?

Halafu Toyota nao walikuwa na timu kubwa. Walikuwa wameichukua Safari mara tatu mfululizo, 1984 hadi 1986. Mbona hao husemi walibebwa?

Kama bado unabisha, tazama Acropolis kule Ugiriki, mawe matupu, mbio zinazojulikana kwa kuvunja magari. Biasion alishinda 1988, akarudia 1989, na mwaka 1993 akashinda tena akiwa na Ford. Ule wa 1993 ulikuwa wa kumi na saba katika mbio za dunia, na ndio wa mwisho. Kwa maoni yangu hakupaswa kuhama Lancia kwenda Ford, miaka ile haikumpa mengi, lakini hiyo ni hadithi nyingine. Ubingwa wa dunia aliuchukua 1988 na 1989, na tangu hapo hakuna dereva wa Italia aliyeupata tena.

Najua kinachokuuma hasa. Mtu wako alikuwa Mike Kirkland na Nissan yake, Mkenya, na hata mimi nilitamani ashinde. Akawa wa pili mwaka 1988. Ukasema ni bahati mbaya, ukawekeana dau na baba kreti nyingine ya soda, juu ya ile ya mwaka ule, kwamba mwakani Kirkland atalipiza. Mwaka 1989 Biasion akawa wa kwanza tena, na Kirkland wa pili tena.

Baba ananiambia ile kreti ya pili hajaiona mpaka leo. Kumbe ya kwanza pia hukulipa.