Msikate stempu za Berlin kwenye bahasha

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi niwasihi wenye makasha ya barua za zamani nyumbani waweke mkasi chini. Zanzibar iliitambua Ujerumani Mashariki mwaka 1964, vijana wa huku wakaenda kusoma kule, wataalamu wa kule wakaja na majengo ya Michenzani. Kwa hiyo barua zenye muhuri wa Berlin hazikosekani Visiwani wala Bara. Kinachotokea ni kwamba pembe yenye stempu inakatwa, bahasha inakwenda jaani. Kwa mji mwingine hasara yake ingekuwa ndogo. Kwa Berlin, kilichotupwa ndicho chenye habari.

Berlin Magharibi ilianza kuwa na stempu zake tarehe 1 Septemba 1948 ikaendelea nazo hadi 1990, lakini stempu hizo zilikuja kukubaliwa pia Hamburg, Munich na kote Ujerumani Magharibi. Berlin Mashariki ilitumia zilezile za DDR, yaani Ujerumani Mashariki, zilizouzwa Leipzig na Rostock. Hivyo stempu ya "Deutsche Bundespost Berlin" huenda haikupita Berlin kamwe, na ya DDR haikwambii mji wowote. Shahidi ni muhuri, na mara nyingi nusu ya muhuri imeangukia kwenye karatasi ya bahasha.

Hapa wengi huteleza. Kwenye mihuri ya miaka ya 1940 na 1950 utaona "BERLIN W 8", "BERLIN SO 36", "BERLIN N 4". Herufi hizo ni pande za dira ya mji wa zamani, kabla haujagawanywa; hazihusiani na siasa. W 8 iko mtaa wa Mitte, upande wa Mashariki, ingawa W ni magharibi. SO 36 ni kusini-mashariki kwa dira, lakini ni Kreuzberg, Berlin Magharibi. N 4 ilikuwa Mashariki, N 65 (Wedding) Magharibi. Anayepanga albamu yake kwa kufuata herufi atachanganya pande zote mbili. Kwa barua za baadaye kazi ni rahisi: Magharibi waliandika 1 au 1000 mbele ya jina na namba ya eneo nyuma, kama "1000 BERLIN 36", Mashariki, kuanzia 1965, waliweka tarakimu zote mbele, kama "1020 BERLIN".

Stempu za kwanza kabisa za Berlin Magharibi ndizo zinazoghushiwa sana. Zilikuwa stempu za kawaida za utawala wa majeshi ya washirika walioikalia Ujerumani baada ya Vita Kuu ya Pili, 20 kwa jumla, kuanzia pfennig (senti ya Ujerumani) 2 hadi Mark 5, zikapigwa neno BERLIN kimshazari kwa wino mweusi. Mwaka 1949 zikafuata 14 zenye wino mwekundu, wakati Westmark, fedha ya Ujerumani Magharibi, inashika nafasi. Tarehe 20 Machi 1949 ikawa ndiyo fedha pekee halali upande huo. Stempu isiyo na neno hilo ni ya bei ya karanga, na mghushi hahitaji zaidi ya kulichapa. Chukua lenzi ya mara 10 uangalie mahali muhuri unapokutana na neno BERLIN. Kwenye stempu halali wino wa muhuri umelala juu ya neno, kwa sababu posta hupiga muhuri mwisho. Ukiona neno limelala juu ya muhuri, limeongezwa baadaye. Soma na tarehe: muhuri wa Julai 1948 chini ya neno BERLIN hauwezekani. Za Mark 1 hadi 5 zenye njiwa usinunue kwa bei kubwa bila cheti cha mkaguzi wa BPP, chama cha wakaguzi wa stempu wa Ujerumani.

Stempu za Berlin Magharibi zenye picha ya kengele hazihitaji mtaalamu, zinahitaji jicho tu. Kengele ya Uhuru, iliyotoka Marekani mwaka 1950 na kutundikwa kwenye jumba la halmashauri la Schöneberg, Berlin Magharibi, ilichorwa mara tatu, stempu tano kila mara: 1951 ulimi wa kengele uko kushoto, mwishoni mwa 1951 na 1952 uko kulia, 1953 uko katikati. Bei hazilingani, na wauzaji wasiojua huziweka fungu moja.

Kama stempu imekwisha kukatwa, iloweke kwenye maji ya uvuguvugu dakika 15 hadi 20, iteleze yenyewe; ukiivuta, karatasi inachunika nyuma. Bahasha nyekundu au ya zambarau iloweke peke yake, rangi yake hutoka ikachafua nyingine. Ikaushe uso chini juu ya karatasi inayonyonya maji, kisha iweke kwenye kitabu kizito hadi kesho yake. Za DDR zenye muhuri safi sana kwenye pembe na gundi kamili nyuma usiziloweke: zilipigwa muhuri kwa ajili ya wakusanyaji, hazikubeba barua, na kwa kawaida thamani yake ni ndogo.

Adui mkubwa pwani ni unyevu. Gundi hunyonya maji ya hewani, stempu zikagandana, na madoa ya kahawia unayoyaona ni ukungu. Simamisha albamu kama vitabu, usizilaze moja juu ya nyingine. Epuka mifuko laini ya PVC, kemikali yake hula rangi. Bahasha nzima ikae kwenye mfuko wa poliesta bila kukunjwa.

Na mkiona muhuri wa 1991 kwenye stempu ya Berlin Magharibi, msidhani ni ya bandia. Mji uliungana Oktoba 1990, lakini stempu hizo ziliendelea kukubaliwa hadi 31 Desemba 1991.

Mkusanyaji wa stempu,
Dar es Salaam