Barua ya wazi kwa mdogo wangu aliyekabidhiwa shule

Mdogo wangu,

Nilifurahi mno kusikia umeteuliwa kuwa mkuu wa shule ya kata hapa kwetu Dodoma, lakini uliponieleza kwenye simu kwamba utawaomba wazazi wa wanafunzi kumi na mmoja wawahamishe watoto wao kabla ya usajili wa kidato cha nne, ili ufaulu wa shule usishuke, usingizi uliniruka.

Najua unachokihofia. Nami nimesimama katika kikao cha tathmini ya taaluma nikitakiwa kueleza sababu za divisheni sifuri, yaani wanafunzi waliofeli, na hakuna aliyeuliza tulikaa mihula mingapi bila mwalimu wa hisabati. Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora Januari 2023, nami nililipongeza kwa moyo wote. Katika vikao vyetu, hata hivyo, orodha ya shule kwa ufaulu bado inasomwa kuanzia juu hadi chini.

Unakumbuka pia matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, ambapo zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata divisheni sifuri, serikali ikaunda tume, kisha madaraja yakapangwa upya. Watoto walikuwa wale wale, na karatasi zile zile.

Nina mwanafunzi anayetembea zaidi ya saa moja kuja shuleni. Alisimama ubaoni akaeleza usanisinuru kwa Kiswahili, akitumia mizabibu ya babu yake kuonyesha kazi ya jani na jua, hadi darasa zima likanyamaza kumsikiliza. Swali lilo hilo lilipokuja kwenye mtihani aliandika mstari mmoja wa Kiingereza, akaufuta, akauandika tena, akaufuta mpaka karatasi ikatoboka. Mtoto huyu alisoma miaka saba ya shule ya msingi kwa Kiswahili. Alama ile ya F inapima nini hasa?

Sikuombi udharau mtihani, kwa maana D mbili tu zinaweza kumpa mtoto divisheni ya nne na cheti cha kwendea chuo cha ufundi stadi. Nakuomba umlinganishe kila mmoja na upimaji wake mwenyewe wa kidato cha pili, na hatua aliyopiga uipeleke kikaoni kwa maandishi, pamoja na idadi ya walimu unaowakosa.

Usajili ukifunguliwa, waandikishe wote kumi na mmoja. Hisabati za Jumamosi nitakuja kuzifundisha mimi.

Kaka yako